Nipe Mji: Kuusoma Ukaguzi wa Langoni Shianda

Kabla ya saa tatu asubuhi mapanga saba yalikuwa yameegemezwa kwenye ukuta wa nje wa lango, makali chini, mipini juu, na kila mpini una alama ya mwenyewe: mmoja umezungushiwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, mwingine umetobolewa ukapitishwa kamba ya katani, mwingine umechongwa herufi mbili ambazo jasho la miaka limekwisha kuzila. Hapa ni Shianda, kaunti ya Kakamega, kwenye barabara ya kutoka mjini Kakamega kwenda Mumias, na lango ni la kituo kidogo cha afya. Sitakitaja jina, kwa kuwa ninachotaka kukisoma ni utungo unaotungwa hapo mlangoni kila anapofika mgonjwa, au mtu wa mgonjwa, au muuza mandazi aliyezoea kukatiza uani. Mtunzi wake ni mzee wa miaka sitini na ushei, aliyekesha kwenye mageti ya Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kurudi nyumbani, na ambaye sasa amekabidhiwa koti la buluu, daftari, na kifaa cheusi chenye umbo la mwiko wa kusongea ugali.

Tuanze na majina, maana kitendo hiki kina majina manne na kila moja lina tabia yake. Kukagua ni neno la ofisini na la gwaride. Mhandisi hukagua daraja, rais hukagua gwaride, na anayekaguliwa hubaki na heshima yake kwa sababu kinachotafutwa kwake ni kama yuko sawasawa. Kupekua ni kazi ya kuku, kwa ukucha, huku akitupa nyuma asichokitaka, na katika nchi hii ambako mgeni asiyechinjiwa kuku huondoka akijiuliza kakosea nini, hakuna asiyejua jinsi udongo unavyobaki baada ya kupekuliwa. Kupapasa ni kazi ya mkono gizani, na humfanya mwenye mwili kuwa ukuta. Kusachi, neno la stendi na la matatu, limekopwa kwa Kiingereza na halijabeba picha yoyote, ndiyo maana linafaa sana pale ambapo pande zote mbili zingependa kutofikiria kinachotendeka. Mzee wetu husema "naomba nikukague", na sijamsikia akitumia jingine. Kifaa chake nacho hakina jina la Kiswahili lililotulia: wengine hukiita mashini, wengine kidude, wengine "kile kinacholia". Nitakiita kitambuametali, nikijua kwamba neno hilo ni refu kuliko kifaa chenyewe.

Sasa tuutazame utungo katika utendaji mmoja. Mama anashuka kwenye pikipiki, leso kiunoni, kiondo begani. "Mulembe, mama," anasema mzee. "Mulembe muno." Salamu hiyo ni ya Kiluhya na maana yake ni amani, hivyo aliyeijibu amekwisha kutoa tamko lake la kwanza kuhusu silaha kabla kifaa hakijawashwa. Mzee anakiinua kitambuametali hadi usawa wa macho ya mama, anakishikilia hapo kwa muda wa pumzi moja, kama fundi cherehani anayemwonyesha mteja kitambaa kabla ya kukikata. "Naomba." Mama anatua kiondo, ananyoosha mikono kandokando hadi usawa wa mabega, wala haipandishi zaidi. (Mikono ikipita kichwa inakuwa ya mateka, ya mabegani ni ya mtu anayepimwa nguo, na mzee huwaonyesha wageni kwa kuinyoosha yake kwanza.) Kifaa kinaanzia bega la kushoto, kinashuka ubavuni hadi gotini, kinapanda upande wa pili, kikiwa umbali wa kiganja kutoka kwenye nguo. Hakigusi. Kiunoni kinalia. Mzee anakisimamisha hapo hapo, hakirudishi nyuma wala hakisogezi mbele. "Ni nini hiyo, mama?" "Simu, na ufunguo wa sanduku." Fundo la leso linafunguliwa, inatoka simu ndogo ya tochi, ile ambayo Kenya nzima huiita mulika mwizi, na ufunguo mmoja wenye uzi. Kifaa kinapita tena, kimya. "Geuka kidogo." Kimya. "Karibu. Mgonjwa yuko wapi?"

Yote hayo hayazidi nusu dakika, na bado yana mwanzo, mgogoro, ufumbuzi na hitimisho. Nililitafutia umbo hili ndugu katika fasihi yetu, na kwanza nikadhani ndugu yake ni hodi. Kufanana kupo: mwenye kupiga hodi husimama nje ya kizingiti na kusubiri, na sauti yake ndiyo kitambulisho chake. Lakini hodi haina fumbo ndani yake. Ndugu wa kweli ni kitendawili. Mtegaji hutangaza, "Kitendawili!", wasikilizaji humpa ruhusa kwa neno moja, "Tega!", fumbo hutolewa, wanabahatisha, wakishindwa mtegaji hudai, "Nipe mji," na akishapewa mji, akajitapa alivyoufikia na kupokewa, ndipo hutoa jibu. Langoni mwenye fumbo ni yule aliyenyoosha mikono. Kunyoosha mikono ndiko kutega. Kifaa hakijui jibu, kinajua tu kwamba pana fumbo, na kulia kwake ni tangazo. Mlinzi, ambaye kwa desturi ya umbo hili hushindwa kila mara, kwa sababu hawezi kuona kilichomo ndani ya fundo la leso, huuliza. Mwenye fumbo hulifumbua mwenyewe. Ndipo anapewa mji, nao ni ule uwanja wa majani ulio nyuma ya lango, pamoja na vyumba vyake vya kungojea. Mpangilio umepinduliwa kidogo, jibu likatangulia mji, lakini malipo ni yale yale.

Nasisitiza kule kusimama kwa kifaa pale kilipolia, kwa sababu hapo ndipo mbinu ilipo. Walinzi wengi hukirudisha upesi wakakipitisha tena mara tatu au nne juu ya mahali pale pale, kikawa kinapiga kelele kama kengele ya baiskeli, na mtu aliye mbele yao huanza kujitetea kabla hajaulizwa. Mzee hukiacha kilie mara moja, kisha hukitega kimya. Ukimya ule ni wa mwenye fumbo kuujaza. Nimeutazama ukijazwa kwa ufunguo, kwa sarafu, kwa bizimu ya mshipi, kwa kijiko, kwa kopo la ugoro, kwa bisibisi ya fundi wa redio aliyesahau kwamba anayo. Kila jibu lilitolewa kwa sauti ya kawaida. Hilo ni tunda la mtindo, wala halitokani na upole wa tabia peke yake. Mzee huyu, nje ya zamu, ni mkali.

Linganisha na utendaji mbovu. Katika duka moja kubwa la mjini nilipitishwa kifaa cha namna hii nikiwa na funguo sita, sarafu na simu mbili mfukoni, kisisikike hata mara moja. Kitaa chake hakikuwaka. Betri ilikuwa imekwisha, na mlinzi alijua, na nadhani sote tuliokuwa kwenye foleni tulijua. Hata hivyo tulinyoosha mikono mmoja baada ya mwingine, tukageuka tulipoambiwa tugeuke. Wapo watakaosema huo ni ulaghai, na kwa upande wa usalama siwezi kuwapinga. Kwa upande wa fani jambo lenyewe linasema mengi: umbo limekuwa na nguvu kiasi kwamba linatendeka hata roho yake ilipokwisha kutoka, kama wimbo unaoendelea kuimbwa na watu waliokwisha kuyasahau maneno wakabaki na mahadhi.

Kulia kwenyewe kunastahili mistari michache. Ndani ya kifaa mna koili ya waya, na umeme wa betri ndogo ya volti 9 hupitishwa humo ukibadilisha mwelekeo bila kukoma, hivyo kuizunguka koili pakawa na uga wa sumaku usiotulia. Metali ikikaribia, uga huo huamsha ndani yake vijito vya umeme. Vijito hivyo hutoa uga wao wenyewe, unaoupinga ule wa kwanza. Kifaa huhisi upinzani huo, nacho hulia. Hata huko ndani, basi, kazi inafanyika kwa usemezano: kinachoulizwa hujibu, na jibu ndilo linalosikika. Historia yake nayo ilianzia mahali panapotuhusu. Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, aliyekuwa amekwisha kupata sifa kwa simu, akaletwa na mtambo wake wa kutafuta metali ili aione ile risasi mwilini. Hakuipata. Lawama zilielekezwa kwenye springi za chuma za godoro, na pia kwa daktari aliyeshikilia kwamba risasi itafutwe upande wa kulia tu. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba mwaka huo. Kifaa hiki, kwa hiyo, kilianza kazi kando ya kitanda cha mgonjwa, na kitanda kikakichanganya. Mzee wetu hajasoma habari za Bell, lakini amejifunza asikagulie karibu na geti la chuma: amechora mstari kwa kisigino chake, hatua tatu kutoka getini, na hapo ndipo watu husimama. Ukikaribia zaidi kifaa hulilia geti.

Kinachoachwa nje na utungo huu ni kingi, na mhakiki asiyekiona atakuwa amesoma nusu ukurasa. Kitambuametali hakina habari na rungu, nalo rungu ni silaha ya zamani kuliko panga katika nchi hii. Hakina habari na petroli iliyotiwa kwenye chupa ya soda, wala na jiwe, wala na ngumi. Kinamwona mkunga mwenye mkasi na hakimwoni mwenye chupa. Kisha kuna dhana iliyojificha katika umbo zima, kwamba silaha hutoka nje kuja ndani. Kambi ya polisi ya Booker, huku huku upande wa Mumias, iliwahi kuvamiwa, na bunduki za askari zikaibwa. Silaha zilizowatia watu hofu zilitoka mahali palipojengwa kuzihifadhi. Mwaka 2025 wagonjwa wawili, kwa nyakati mbili tofauti, waliuawa kwa kukatwa koo wakiwa wamelazwa katika wodi za Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi. Hospitali ina wembe, ina mkasi, ina kisu cha kumenyea matunda kwenye kabati la kila kitanda. Lango huusoma mwili unaoingia. Halina macho ya kuusoma usiku wa wodini.

Lakini panga lilifanyiwa nini? Hapa ndipo utungo wa Shianda unapojitenga na ule wa Nairobi, na ndipo ninapouona kuwa bora. Panga na upanga ni ndugu wa shina moja, mmoja akaenda vitani na mwingine shambani, na katika ukanda huu wa miwa yule wa shambani ndiye aliyelea watoto: kwa panga miwa hukatwa, hupunguzwa majani, hupangwa mafungu ikisubiri trekta. Kiwanda cha Mumias kimepanda na kushuka, kimefikia hadi kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na panga limebaki begani. Mtu anayetoka shambani kwenda kumwona mgonjwa hawezi kuliacha shambani, maana litaibwa, wala hana muda wa kulirudisha nyumbani. Analo, basi, wazi, mbele ya macho ya kila mtu. Kifaa hakina la kumwambia. Fumbo halipo. Mzee hawezi kuuliza "ni nini hiyo?" bila kujifanya mpumbavu.

Kwa hiyo ametunga ubeti wa ziada. Humwonyesha mwenye panga ukuta kwa kidevu, bila neno, na mwenye panga hulipeleka mwenyewe, huliegemeza makali chini, hurudi kwenye mstari wa kisigino na kunyoosha mikono. Mzee haligusi. Nilipomuuliza kwa nini hayachukui akayafungia kibandani, alinijibu kwamba panga la mtu akilishika mwingine huwa limechukuliwa, na akiliweka mwenyewe huwa limepumzika. Ule mpangilio wa ukutani, mapanga saba kama watu saba waliosimama kusubiri wenzao, ni maandishi ya hadharani: kila aingiaye anajua ni wangapi wametoka shambani, na kila atokaye huchukua lake kwa kuutazama mpini. Hakuna tiketi wala nambari. Nimewahi kuona mageti ya jijini ambako kisu cha kukatia mkate hutupwa kwenye pipa mbele ya mwenyewe. Hapa chombo cha kazi kinavuliwa hadhi ya silaha kwa muda, mbele ya mashahidi, kisha kinarudishiwa jina lake.

Nasema utungo wa Nairobi nikiwa na sababu. Kenya imetungiwa umbo hili na misiba, kila msiba ukiongeza mshororo. Tarehe 7 Agosti 1998 walinzi wa lango la nyuma la Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, ambao hawakuwa na bunduki, walitakiwa wafungue njia ili lori lipite, wakakataa. Bomu lililipukia nje, likaua watu 213 jijini humo, na ni vigumu kufikiria hesabu ingekuwaje kama lori lingeingia chini ya jengo. Kwangu kule kukataa ndiko tamko zito zaidi katika historia ya lango nchini: mlinzi alimnyima mtegaji mji. Kisha likaja shambulizi la jumba la maduka la Westgate, 21 Septemba 2013, watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148. Hoteli ya DusitD2, 15 Januari 2019, watu 21. Garissa walinzi wa lango ndio waliopigwa risasi kwanza. Misiba hiyo inaonyesha mpaka wa fani bila huruma. Kitendawili hakitegwi mtu asiposema "Tega", na aliyekuja kuua hana haja ya ruhusa wala ya mji. Humpiga mpokeaji akapita juu yake. Ukaguzi umeandikiwa wasomaji waliokubali kusomwa. Kumlaumu mzee mwenye mwiko kwa kutomzuia mwenye bunduki ni sawa na kuilaumu ngonjera kwa kutozima moto.

Na ni nani waliousambaza utungo huu? Utani wa Nairobi unajulikana: Mluhya ni mpishi au ni soja wa geti. Utani huo umechosha, lakini nyuma yake kuna ukweli wa ajira, kwamba vijana wengi wa Magharibi walishuka kwenye mabasi ya usiku na kazi ya kwanza waliyoipata ilikuwa ni kusimama mlangoni pa mtu mwingine. Wao ndio waliozigeuza amri kavu za kampuni kuwa maneno yenye "mama" na "mzee" ndani yake. Walipostaafu waliurudisha utungo nyumbani, na huku ukakutana na mulembe, ukapata salamu iliyokuwa ikiukosa. Sheria ilikuja baadaye kuuwekea mipaka: Katiba ya 2010, ibara ya 31, inamlinda kila mtu asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake, na Sheria ya ulinzi binafsi ya 2016, kifungu cha 48, inamruhusu mlinzi kumwomba aingiaye ajitambulishe, kuandika saa zake na kukishika kitambulisho chake kwa muda, bila kukitumia kwa jambo jingine. Mzee husema "naomba". Neno hilo ni adabu, na bila yeye kujua ni fasiri nzuri ya ibara nzima.

Daftari ni sehemu ya pili ya utungo, na hapa ubora unapungua. Safu zake ni zile zile za nchi nzima: jina, nambari ya kitambulisho, simu, unakotoka, shughuli, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Nimelisoma daftari hili kuanzia jalada. Safu ya "unakotoka" ina Shianda moja juu kabisa, kisha vialama viwili vya kurudia vikishuka ukurasa mzima kama matone, hata penye mtu aliyetoka Butere. Safu ya "shughuli" ndiyo yenye maisha: kuona mtoto, kuona mama, kuleta uji, kuchukua maiti. Safu ya "saa ya kutoka" ni tupu tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo kwa mujibu wa maandishi hakuna mtu aliyewahi kutoka humo. Tena daftari liko wazi: anayeandika jina lake anaziona nambari za simu za kumi waliomtangulia, jambo ambalo Sheria ya kulinda data ya 2019 isingelifurahia. Ukaguzi wa mwili umefikiriwa. Huu wa maandishi umeigwa tu.

Shule, kwa upande wake, hutoa umbo ambalo nalisoma kwa tabasamu na kwa hofu pamoja. Siku ya kufungua, mwanafunzi wa bweni hufika na sanduku la bati, na mwalimu wa zamu husimama nalo likiwa limefunuliwa juu ya majani: blanketi, sabuni, sukari, mkebe wa hesabu wenye bikari yenye ncha kali kuliko visu vingi vya mezani. Kinachotafutwa ni simu, kiberiti, silaha na mafuta, na anayeikumbuka shule ya Kyanguli, Machi 2001, wavulana 67 waliokufa ndani ya bweni lililomwagiwa petroli na kutiwa moto, hawezi kuucheka ukaguzi huo. Lakini mlete mtoto anayeanza shule ya bweni na barua yake ya kujiunga. Orodha ya mahitaji, iliyopigwa muhuri na shule yenyewe, mara nyingi inamtaka alete jembe au slasha ya kufyekea majani. Anaingia langoni ameshika upanga wa urefu wa mkono wake kwa amri ya mwalimu mkuu, huku kiwembe cha kukatia kucha kikitolewa sandukuni kwa kishindo. Kinaya hicho hakikukusudiwa, na ndicho bora zaidi nilichokutana nacho katika utanzu huu wote. Kasoro ya fani hapo iko kwingine: sanduku hufunuliwa mbele ya foleni nzima, nguo za ndani juani, na hakuna anayemwambia mtoto "naomba". Fumbo linavunjwa kwa nguvu kabla ya kutegwa.

Tao, yaani lile geti la umeme ambalo mtu hupita katikati yake, nitaligusa kwa ufupi kwa kuwa linanichosha. Viongozi wakuu wanapokuja, kama siku ya Mashujaa, 20 Oktoba 2018, iliposherehekewa katika uwanja wa Bukhungu mjini Kakamega, umma huingizwa kwa foleni za ukaguzi, na ukaguzi wa foleni unataka kasi. Tao lina kasi. Linakagua maelfu, halichoki, halimbagui mtu, halimgusi mwanamke. Halina sauti ya kuuliza, hata hivyo. Likilia, linalia kwa wote walio karibu, na mtu hurudishwa nyuma, avue mshipi, apite, arudi, avue viatu, apite. Usemezano umekuwa jaribio na kosa. Hakuna wa kumpa mji.

Nirudi hospitalini, kwa sababu hospitali ndiyo inayoupima utungo hadi ukomo wake: mgonjwa hawezi kunyoosha mikono. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kibandani mzee akiwa amefunua hotipoti ya mama mmoja, mvuke wa kuku wa kienyeji ukatoka, akakipitisha kifaa juu ya mfuniko kwa uzito ule ule wa kila siku, kikalia, naye akasema "hii ni sufuria, siyo kuku," na mama akacheka, pikipiki ikaingia kwa kasi. Nyuma ya dereva alikuwa kijana mkata miwa, mguu umefungwa shati lililolowa damu, na mkononi, kwa kushindwa kufikiri cha kufanya nalo, bado ameshika panga lililomkata. Silaha, chombo cha kazi na chanzo cha jeraha vilifika pamoja mkononi mwa mtu mmoja, na kwa kanuni zote za lango huyo ndiye aliyestahili kusimamishwa.

Mzee alifungua lango lote. Hakusema mulembe, hakuinua kifaa, hakuuliza jina. Alinyoosha mkono mmoja pikipiki ikiwa bado inatembea, na kijana akaliachia panga mkononi mwake. Ni mara ya pekee niliyomwona akilishika la mtu. Ubeti mzima ulifupishwa ukawa kitendo kimoja, na sikuona kwamba kitu kimepungua. Nadhani aliyelijua umbo kwa miaka ishirini ndiye anayeweza kuliacha kwa sekunde mbili bila kulivunja. Kisha alirudi kwenye mstari wake wa kisigino, akamwomba radhi mama wa hotipoti, akakimalizia kiondo chake.

Lile la nane aliliegemeza na mengine. Mpini wake ulikuwa mpya, hauna alama. Saa kumi na mbili jioni, alipokuwa akikabidhi zamu, ukuta ulikuwa umebaki na panga hilo tu, maana mwenyewe alikuwa amelazwa. Mzee aliliingiza kibandani, akafungua daftari, na kwenye safu ya shughuli akaandika kwa herufi kubwa: PANGA MOJA, LA MGONJWA, LIPO.